Kipindi cha 14: Kwa Nini Maziwa Hukataa Kushuka?

 

Mama anasema: "Matiti yamejaa, mtoto ananyonya, lakini maziwa hayashuki." Mara jirani anamshauri ampe uji, mtoto hata miezi sita hajafikisha. Kabla hujachemsha uji, sikiliza historia hii.

Mnamo 1948, Michael na Niles Newton wa Marekani walimchunguza mama anayenyonyesha. Alipotiwa miguu kwenye maji ya barafu, au kuulizwa hesabu za harakaharaka, mtoto alipata maziwa machache. Alipodungwa homoni iitwayo oksitosini, maziwa yakashuka tena. Maziwa yalikuwemo, kilichokosekana ni amri ya kuyatoa.

Amri hiyo hutoka kwenye ubongo, sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Mwaka 1996 watafiti walichunguza panya wasio na oksitosini. Walizaa vizuri, na maziwa walikuwa nayo, lakini hayakutoka. Watoto wao walikufa kwa njaa. Mama alipodungwa oksitosini, watoto walishiba.

Mwaka 2023, watafiti wa New York walichora njia yenyewe katika ubongo wa panya: kilio cha mtoto huingia masikioni, hupita kituo kimoja ndani ya ubongo, kisha huamsha seli za oksitosini katika haipothalamasi. Ndiyo maana mama mwingine akisikia tu mtoto akilia, blauzi inalowa.

Sasa tufanye nini? Hofu, maumivu na ugomvi wa nyumbani huzuia amri hiyo kwa muda. Keti mahali patulivu, mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kandamiza titi kwa kitambaa chenye uvuguvugu, kisha mnyonyeshe mara kwa mara, usiku na mchana. Baba, mama mkwe, shikeni ndoo ya maji na sufuria, mama apumzike.

Mtoto akikojoa mara chache, akilegea au asipoongeza uzito, mpelekeni kliniki siku hiyo hiyo. Watoto wanaozaliwa kabla ya wakati pia wana msaada: hapa hapa Pumwani, benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya ilifunguliwa mwaka 2019.

Mama, usijilaumu. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.