Kifurushi kikivuka mpaka, nani anajibu?



Mwaka juzi shangazi yangu alikaa kwenye harusi ya mjukuu wake, Tanga, akiwatazama watu midomo. Shehe alisoma hotuba, bwana harusi akajibu, wanawake wakapiga vigelegele, naye akatabasamu kila alipoona wenzake wametabasamu. Mashine yake ya masikio ilikuwa imekufa. Ile mpya, aliyotumiwa na mwanawe aliyeko Ujerumani, ilikuwa njiani. Njiani wapi? Hapo ndipo palipokuwa na kizaazaa.

Binamu yangu alikuwa amefanya kila linalotakiwa. Alipeleka kifurushi posta, akalipa, akapewa stakabadhi yenye namba ndefu iliyoanza na herufi C na kuishia na DE. Kila siku aliiingiza namba ile kwenye tovuti ya posta ya huko, na kwa siku 26 jibu lilikuwa lile lile: kifurushi kimeondoka nchini. Shangazi akamwagiza mjukuu anipigie simu. "Bibi anasema, wewe mwanawe unayesema redioni, waulize hao watu wa posta."

Sikuwauliza siku hiyo. Nilianza kwanza kusoma historia yao, maana huo ndio ugonjwa wangu, nikagundua kwamba ile namba nilikuwa naielewa vibaya. Wengi tunadhani inakitazama kifurushi kila kinapokwenda, kama mchungaji na mbuzi wake. Kumbe ni orodha ya saini tu. Inatuambia ni nani aliyekuwa wa mwisho kukiri kwamba mzigo umepita mikononi mwake. Posta ya kule iliposema "kimeondoka", maana yake ilikuwa: sisi tumemaliza. Posta ya pili ilikuwa haijasikika ikisema: sisi tumepokea. Katikati ya maneno hayo mawili mzigo hauna msemaji.

Jambo hili ni la siku nyingi. Kabla ya mwaka 1874 kila nchi ilikuwa na mkataba wake na kila jirani yake. Barua moja iliweza kupita posta tatu au nne, kila moja na sarafu yake, mizani yake na bei yake, na nauli ikabadilika kwa kufuata njia. Mwaka 1863 Montgomery Blair, Postamasta Mkuu wa Marekani, aliitisha mkutano Paris, wakaja wajumbe wa nchi 15. Walikubaliana kanuni za jumla wakarudi makwao, lakini mkataba wa kuwafunga wote haukupatikana.

Aliyeikamilisha kazi hiyo ni Mjerumani, Heinrich von Stephan. Huyu ndiye aliyependekeza kadi ya posta mwaka 1865 ikakataliwa kwao, kisha Austria ikaitoa mwaka 1869. Kwa juhudi zake wajumbe walikutana Bern, Uswisi, na tarehe 9 Oktoba 1874 ukatiwa saini mkataba wa nchi 22. Kutoka Afrika ilikuwamo Misri peke yake. Mkataba ulisema nchi zote za umoja huo zihesabiwe kuwa eneo moja la posta, na kila nchi ibaki na fedha ya stempu inazouza. Mantiki yake ilikuwa nyepesi na ya kiungwana: barua hujibiwa. Leo mimi nakufikishia yako bure, kesho utanifikishia jibu lake bure, hesabu zimelingana.

Ukitaka kuona dunia ilivyokuwa na vurugu wakati huo, usiende mbali, nenda Unguja. Kuanzia mwaka 1875 posta iliyohudumia mji ule ilikuwa ya India, chini ya Waingereza, na stempu zilikuwa za India. Mwaka 1889 Wafaransa wakafungua ya kwao. Agosti 1890 Wajerumani nao wakafungua ya kwao. Kwa hiyo, kwa karibu mwaka mzima, mtu wa Unguja aliyetaka kutuma barua alichagua serikali kwanza, ndipo akanunua stempu. Na kama barua ilipotea, ilimbidi akumbuke aliingia mlango gani. Wajerumani walifunga Julai 1891. Mwaka 1895 Zanzibar ikapata posta yake yenyewe na kuingia katika Umoja wa Posta Duniani. Wafaransa waling'ang'ania hadi 1904.

Sasa turudi kwenye vifurushi, maana hapa ndipo mantiki ya bwana Stephan ilipokwama. Barua hujibiwa, lakini kifurushi hakijibiwi. Ukimtumia mtu jozi ya viatu, yeye hakurudishii viatu. Tena kifurushi ni kizito, hujaza behewa na hutaka ghala. Basi tarehe 3 Novemba 1880, Paris, nchi kadhaa zilitia saini mkataba wa peke yake wa vifurushi visivyozidi kilo 3, na safari hii kila nchi iliyobeba mzigo ilipewa fungu lake la nauli. Uingereza haikuwa tayari, kwani ndani ya nchi yake yenyewe posta ya vifurushi ilianza mwaka 1883.

Fedha ikishaingia, na karatasi huingia. Karani aliyefunga mfuko alitakiwa aandike orodha ya vilivyomo, na karani wa ng'ambo aufungue na kuhakiki. Kimoja kikikosekana, aandike papo hapo hati ya kasoro na kuirudisha ulikotoka mfuko. Akinyamaza, ameupokea mzigo wote, na kilichopungua ni deni la posta yake. Sheria hiyo ipo mpaka leo: posta iliyopokea bila kulalamika, na isiyoweza kuonyesha kwamba imempa mwenyewe au imekabidhi kwa posta nyingine, ndiyo inayolipa fidia.

Kwa hiyo, msikilizaji, ufuatiliaji wa vifurushi haukuanzishwa ili shangazi yangu apate usingizi. Ulianzishwa ili serikali mbili zijue ni ipi kati yao ya kulipa. Mteja alikuja kuchungulia dirishani baadaye sana.

Barua nazo hatimaye ziligoma kulingana. Nchi zenye kutuma magazeti na vitabu vingi zilizipa mzigo nchi zenye kupokea, na mkutano wa Tokyo wa mwaka 1969 ukaamua kwamba anayetuma zaidi amlipe anayepokea.

Namba tuliyonayo leo ni kitukuu cha orodha zile. Ina nafasi 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, TZ kwetu, KE kwa Kenya, DE kwa Ujerumani. Herufi ya kwanza inaeleza aina ya huduma: R ni rejista, C ni kifurushi, E ni ile ya haraka, EMS. Iko na U, na hii inawatesa watu wengi. Inayoanza na U imebandikwa kwa ajili ya forodha tu, wala hakuna aliyeahidi kuifuatilia. Nawafahamu watu walioikodolea macho miezi miwili.

Tarakimu ya tisa ni mlinzi. Chukua kalamu kama unayo. Zile nane za mwanzo zizidishe, moja moja kwa mpangilio, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Jumlisha, gawa kwa 11, na baki uitoe katika 11. Kwa 47312482 jumla ni 200, baki ni 2, na 11 ukitoa 2 unapata 9. Basi ya tisa lazima iwe 9. Karani akikosea tarakimu moja, mashine inamkatalia. Mimi nilijaribu kwenye stakabadhi ya binamu yangu, ikakubali. Angalau kosa halikuwa hapo.

Mwaka 1974, Umoja wa Posta ulipotimiza miaka 100, ndipo ilipochapishwa orodha ya kimataifa ya herufi mbili za nchi, na ndipo duka moja la Ohio, Marekani, liliposoma kwa mashine bidhaa ya kwanza yenye alama za mistari. Mwaka mmoja kabla yake kampuni ya Federal Express ilikuwa imeanza kurusha ndege zake. Makampuni ya namna hiyo yana nafuu moja kubwa: anayepokea mzigo Frankfurt na anayeugonga mlangoni kwako wanaweza kuwa waajiriwa wa bwana mmoja. Hakuna wa kumwambia mwenzake "kimeondoka". Posta haiwezi hivyo, kwani ni serikali nyingi zinazoshikana mikono, na mkono mmoja ukilegea kifurushi kinaanguka kimya kimya. Dawa iliyobuniwa ni ile ile ya mwaka 1880, yaani fedha: posta inayosoma mistari ya vifurushi na kuipelekea habari posta ya mwenzake hupata nyongeza katika malipo yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajua vizuri mpaka unavyoweza kuota katikati ya mfuko. Zamani stempu moja ilibeba majina ya Kenya, Uganda na Tanzania, na kifurushi cha Mombasa kwenda Tanga kilikuwa mikononi mwa shirika moja. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na safari ya saa chache ikageuka mzigo wa ng'ambo. Hakuna kilichohama. Barabara ni zile zile, bahari ni ile ile.

Na mipaka inaendelea kuota. Tangu Januari 2021 kanuni za Umoja zinataka habari za kila mzigo wenye bidhaa zitangulie kwa kompyuta kabla mzigo wenyewe haujafika. Agosti 2025, Marekani ilipoondoa msamaha wa ushuru kwa mizigo ya thamani isiyozidi dola 800, posta za nchi nyingi zilisimamisha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda huko, kwa kuwa haikujulikana nani atakusanya ushuru na kwa utaratibu gani. Namba zilikuwapo, mistari ilikuwapo, mashine zilikuwapo.

Mashine ya shangazi je? Baada ya kusoma haya yote nilimwambia kijana wa nyumbani kwangu aiingize namba ile kwenye tovuti ya posta yetu, badala ya ile ya kule. Ikajibu mara moja: kimepokelewa, kinasubiri mwenyewe. Kilikuwa na siku 11 hapa nchini. Tulikuwa tunamuuliza aliyekwisha kutia saini na kwenda zake, wakati wa kuulizwa alikuwa mwingine.

Hati ya kumwita shangazi nayo ilikuwa imetumwa. Binamu yangu, kwa kumbukumbu za utotoni, aliandika sanduku la posta la shule aliyofundisha marehemu baba yake miaka 20 iliyopita. Karani wa shule hakulijua jina lile, akaitia hati kwenye droo isije ikapotea. Kwa hiyo lawama, kama iko, ni ya ukoo wetu. Na kama kingekuwa kimepotea kweli, bado tulikuwa na nafasi, kwani madai hupokelewa ndani ya miezi sita tangu siku ya kutuma. Stakabadhi usiitupe.

Tulilipa ushuru, tukakichukua, shangazi akaivaa mashine pale pale kwenye benchi la posta. Tangu siku hiyo ananilalamikia kwamba redioni nasema haraka mno.