Njia na Pumzi: Maambukizi ya Korona Kampala, 2020

Historia ya magonjwa ya kupumua nchini Uganda husimuliwa zaidi kama historia ya njia. Mwaka 1918, homa kali ya mafua iliingia kupitia bandari ya Mombasa, ikafuata reli kuelekea bara. Wasafiri wa Kampala walimalizia safari kwa meli za Ziwa Viktoria, maana reli ilifika mjini mwaka 1931 tu. Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini alishuka Entebbe kwa ndege kutoka Dubai. Baadaye lawama zikawageukia madereva wa malori waliopita Malaba, Mutukula na Elegu.

Hata hivyo, njia hueleza jinsi virusi vinavyofika, si jinsi vinavyoambukiza. Mtu akikohoa, akiongea au akiimba hutoa matone. Makubwa huanguka karibu. Madogo huelea, hasa pasipopita hewa. Hatari, basi, imo katika ukaribu na muda.

Serikali ilisimamisha usafiri wa umma tarehe 25 Machi 2020. Uliporuhusiwa tena mwezi Juni, teksi ya abiria 14 ilitakiwa kubeba nusu yao. Hapo pumzi ilizingatiwa. Lakini wauzaji wa chakula walikuwa wameagizwa walale sokoni kwa siku 14 badala ya kurudi nyumbani. Shangazi yangu, muuza nyanya, alikuwa mmoja wao. Anasimulia kwamba walitandika maboksi na kufunga vyandarua, na mvua ya usiku ikawasogeza wote chini ya paa moja. Watoto wake walikingwa dhidi yake. Yeye hakukingwa dhidi ya jirani yake.

Ni haki kukiri kwamba soko lina hewa kuliko chumba kimoja cha kupanga, ambamo angelala na watoto wanne. Yeye mwenyewe husema hivyo. Kwake, hapakuwa na mahali pa kukaa mbali na watu.

Kwa hiyo, tukiuliza tu virusi vilipita wapi, tutachora ramani ya bandari, reli na mipaka, na mkosaji atakuwa msafiri daima. Tukiuliza pia watu walilala wapi, tutaona kwamba umbali wa mita mbili ulikuwa na bei, na wengi Kampala hawakuimudu.