Fahamu jinsi mji wa Gede ulivyogeuka magofu na kufukiwa na udongo

Ukifika Gede, karibu na Watamu katika kaunti ya Kilifi, Kenya, utakuta msikiti, kasri na nyumba za mawe katikati ya msitu. Wakazi wa mwisho waliuhama mji huu karne ya 17. Lakini haukufukiwa siku moja. Mambo yalikwenda hivi:

1. Watu kuhama
Anayehama hubeba vitu vya thamani. Kinachobaki ni kilichovunjika, kilichotupwa au kilichopotea. Ndiyo maana wanaakiolojia hupenda sana kuchimba majalala ya zamani.

2. Paa kuanguka
Boriti za mikoko zikishaoza au kuliwa na mchwa, paa zito la mawe na chokaa linaporomoka na kufunika kila kitu kilichoachwa sakafuni.

3. Vitu kuoza
Pwani kuna joto na unyevu. Nguo, mikeka, ngozi na mbao haviishi muda mrefu. Vigae vya vyungu, shanga, makombe na mifupa hudumu. Chuma hushika kutu, ila chaweza kubaki.

4. Msitu kurudi
Majani yanaanguka kila mwaka na kuwa udongo. Mizizi inapasua kuta.

James Kirkman alipochimba Gede kati ya 1948 na 1958, baadhi ya nyumba zilipewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake. Ipo Nyumba ya Mkasi, na nyingine ina jina la sarafu za Kichina.

Sasa, kuna jambo wageni wengi hawalijui. Watu wa kawaida wa Gede waliishi kwenye nyumba za miti na udongo, na hizo zimeyeyuka kabisa. Alama zao ni ndogo: shimo la nguzo, jivu la jiko, sakafu iliyokanyagwa ikawa ngumu. Magofu unayopiga nayo picha ni ya matajiri.

Kwa hiyo kigae kidogo tu kina kazi kubwa. Pale kilipolala, kinaonyesha nani aliishi hapo na wakati gani. Ukikitia mfukoni, habari hiyo imepotea, hata ukikirudisha kesho.

Gede iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Ukitembelea na ukaona kigae chini, kiache palepale, kisha mwonyeshe mlinzi.