Sauti ya Kati: Safari ya Mabaritoni wa Uingereza na Somo Lake kwa Kwaya Yetu

Kurasa nyingine za kitabu hiki zinawataja waliotutangulia na kazi waliyoifanya. Makala haya yanatoka kidogo nje ya boma letu kisha yanarudi. Yanahusu aina ya sauti ya kiume ambayo kila kwaya inayo, kuanzia Kitale hadi Bungoma, ingawa mara nyingi haipewi jina lake. Sauti hiyo ni baritoni.

Sauti isiyo na mstari wake

Nyimbo zetu nyingi zimepangwa kwa sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Kijana wa kiume sauti yake inapovunjika, swali analoulizwa ni moja tu: wewe ni tena au besi? Akijibu vibaya, au akijibiwa na mtu mwingine, atakaa kwenye benchi lisilo lake kwa miaka mingi.

Wanaume wengi si tena wala si besi. Sauti zao ziko katikati. Wakishuka chini sana zinakuwa hewa tupu. Wakipandishwa juu sana shingo inatoa mishipa na koo linakauka kabla ya ibada kwisha. Lakini pale katikati sauti hiyo ni pana, ina joto, na maneno yake husikika wazi. Jina lake limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya mlio mzito. Kwa kuwa karatasi ya wimbo wa sauti nne haina mstari ulioandikwa baritoni, mwenye sauti hiyo hukopeshwa kwa majirani: leo anajaza pengo la tena, Jumapili ijayo anaongeza uzito kwenye besi.

Wenzetu wa Uingereza walilikuta jambo hilo hilo zamani. Kutoka katika makwaya yao ya makanisa na ya miji walitokea waimbaji wa baritoni waliofika majukwaa makubwa ya dunia. Tuwaangalie wachache, na hasa tuangalie walivyopatikana.

Charles Santley, kijana wa Liverpool

Charles Santley alizaliwa Liverpool mwaka 1834. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki na mpiga kinanda, kwa hiyo mtoto alilelewa ndani ya nyimbo. Akiwa bado kijana aliingia katika kwaya ya Philharmonic ya mji huo. Hakuingia kama mwimbaji wa pekee. Alisimama na wenzake wengi kama mwanakwaya wa kawaida, na mwanzoni alihesabiwa kuwa tena. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya sauti yake kuachwa ishuke mahali pake.

Mwaka 1855 alisafiri hadi Milan, Italia, akasoma kwa mwalimu Gaetano Nava. Jukwaa lake la kwanza la opera lilikuwa mji wa Pavia mwaka 1857, na sehemu aliyopewa ilikuwa ndogo, ya daktari katika La traviata ya Verdi. Mwaka huo huo alirudi London, na mwezi wa Novemba akaimba katika Uumbaji, kazi kubwa ya Haydn iliyojengwa juu ya kitabu cha Mwanzo. Sehemu yake ilikuwa ya Adamu. Tangu hapo, kwa karibu miaka 20, alikuwa miongoni mwa waimbaji wakuu wa opera nchini Uingereza.

Tukumbuke kwamba wakati huo hapakuwa na kipaza sauti wala spika. Mtu alisimama mbele ya okestra nzima na ukumbi wenye maelfu, na neno lake likafika hadi kiti cha mwisho. Hakupiga kelele. Siri ilikuwa pumzi inayotoka chini ya mbavu bila haraka, koo lililolegea, na mlio uliopata mng'ao. Wanasayansi wa sauti wa siku zetu wamepima mng'ao huo: mwanaume aliyefunzwa vizuri hukusanya nguvu nyingi ya sauti karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra haina nguvu sana na sikio la binadamu ni jepesi. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kusikika juu ya ala 60. Anayekaza shingo hupoteza mng'ao huo, na kinachobaki ni kelele na uchovu.

Wimbo ulioombwa

Jambo moja katika maisha ya Santley linatugusa sisi moja kwa moja. Opera ya Faust, ya Mfaransa Charles Gounod, ilifika London mwaka 1863. Humo tena ana wimbo wake mkubwa, besi ana wake, soprano ana wake. Santley alipewa sehemu ya Valentin, askari anayekwenda vitani na kumwacha dada yake nyumbani. Valentin ni baritoni, na hakuwa na wimbo mkubwa wa peke yake.

Santley aliomba. Kulikuwa na tuni nzuri katika muziki wa utangulizi, unaopigwa na okestra kabla ya pazia kufunguliwa, na ilimkaa vizuri kooni. Gounod, ambaye ujanani aliwahi kusomea upadre, alikubali. Kwa maonyesho ya Kiingereza ya mwaka 1864 tuni ile ikapewa maneno, na Valentin akapata wimbo wa kumkabidhi dada yake mikononi mwa Mungu kabla ya kuondoka. Kwa hakika ni sala. Leo wimbo huo umekuwa miongoni mwa nyimbo ambazo baritoni kijana popote duniani hufundishwa mapema.

Ulipatikana kwa sababu mwimbaji alijua sauti yake inahitaji nini na akasema kwa adabu, na kwa sababu mtunzi alikuwa tayari kusikiliza. Pande zote mbili zilihitajika.

Jukwaa au kanisa?

Wazee wetu mara nyingi huuliza kama kijana akipanda jukwaani atarudi kanisani. Waingereza nao waliuliza, na majibu yao hayakufanana.

Santley aliliacha jukwaa la opera katika miaka ya 1870 akiwa bado na nguvu zake. Kuanzia hapo alijitoa kwa matamasha na kwa kazi kubwa za Biblia, kama Masihi ya Handel na Eliya ya Mendelssohn. Eliya, iliyoimbwa kwanza Birmingham mwaka 1846, imempa nabii mwenyewe sauti nzito ya kiume: anashindana na manabii wa Baali, anaomba mvua, anachoka na kutamani kufa jangwani. Santley aliiimba sehemu hiyo kwa miaka mingi. Aliimba pia katika sherehe za Handel ndani ya jumba la kioo la Crystal Palace, ambako wanakwaya walizidi 2,000. Kati ya kundi kama hilo, mtu aliyeanza kama mwanakwaya alikuwa nyumbani. Alijiunga na Kanisa Katoliki, na mwaka 1887 Papa akampa nishani ya Mtakatifu Gregori. Mwaka 1907 alitimiza miaka 50 ya uimbaji, na yubilei yake ikafanyika katika ukumbi wa Royal Albert mjini London. Mwaka huo huo Mfalme akamtunuku cheo cha Sir, na akawa mwimbaji wa kwanza kukipata. Mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 81, alisimama tena kuimba ili kuwasaidia wakimbizi wa Ubelgiji waliofukuzwa na vita.

George Grossmith alikwenda njia nyingine. Alikuwa mwandishi wa habari za mahakama mjini London, na jioni alichekesha watu kwa nyimbo na kinanda katika kumbi za vyama, pamoja na vile vya vijana Wakristo. Mwaka 1877 aliitwa kuigiza katika opera za ucheshi za Gilbert na Sullivan. Alisita. Alihofia kwamba akiingia kwenye tamthilia, Wakristo wale wangeacha kumwalika. Aliona pia kuwa sauti yake si kubwa. Hata hivyo alikubali, na hadi mwaka 1889 alikuwa nguzo ya opera hizo, ikiwamo The Mikado ya mwaka 1885. Kilichombeba ni matamshi. Aliimba maneno mengi kwa kasi kubwa, na kila silabi ikasikika. Kwaya yenye mlio mkubwa lakini maneno hayasikiki ina la kujifunza kwake.

Njia ya tatu ni ya John Shirley-Quirk, naye mzaliwa wa Liverpool, mwaka 1931. Alikuwa mwalimu wa kemia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliimba katika kwaya ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, na kutoka benchi hilo akaitwa na mtunzi Benjamin Britten. Tarehe 13 Juni 1964, kazi ya Britten iitwayo Curlew River iliimbwa kwa mara ya kwanza, na haikuimbwa katika jumba la opera bali ndani ya kanisa la kijiji cha Orford. Ni habari ya mama anayemtafuta mtoto wake aliyepotea, na ya mvushaji wa mtoni anayemvusha. Shirley-Quirk aliimba sehemu ya mvushaji. Mara hiyo jukwaa lenyewe lilikuwa limehamia kanisani.

Walitoka wapi wengine?

Thomas Allen alizaliwa mwaka 1944 Seaham Harbour, mji wa wachimba makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza. Mtu aliyemtia moyo shuleni alikuwa mwalimu wake wa fizikia, ambaye mwenyewe alipenda kuimba. Allen alisoma chuo cha muziki London, akaanza opera Wales mwaka 1969, akafika Covent Garden mwaka 1971, na mwaka 1999 akapewa cheo cha Sir.

Roderick Williams, aliyezaliwa London mwaka 1965, mama yake ni wa asili ya Jamaika na baba yake ni wa Wales. Aliimba katika kwaya ya chuo kimoja cha Oxford, kisha akafundisha muziki shuleni. Alikuwa na miaka 28 alipoingia chuoni kusomea opera, umri ambao kwetu wengi wangemwambia amechelewa. Mwaka 2023, katika kutawazwa kwa Mfalme Charles, alikuwa miongoni mwa waimbaji, na pia miongoni mwa watunzi wa muziki uliopigwa kabla ya ibada.

Benjamin Luxon, mzaliwa wa Cornwall mwaka 1937, aliimba Covent Garden na kwingineko hadi masikio yalipoanza kuziba. Uziwi ulimaliza kazi yake ya uimbaji. Alihamia Marekani, na huko akageukia kusoma hadithi na mashairi mbele ya watu na kuwaelekeza wengine jukwaani. Alifariki mwaka 2024. Hadithi yake inatukumbusha kwamba sauti ni amana tuliyokabidhiwa kwa muda.

Turudi nyumbani

Sisi tunaotoka kati ya Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Webuye na Bungoma si wageni wa sauti ya kati. Kabla ya karatasi za solfa kufika, mababu waliimba kwa mwanzilishi na waitikiaji, na sauti ya mwanaume mzima ndiyo iliyoongoza. Anayepiga litungu huimba mahali anapozungumzia, si juu ya koo lake wala chini yake. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Sioyaye inapoimbwa alfajiri kutoka mtoni, wanaume na vijana hushika tuni moja na kila mmoja hukaa pale sauti yake ilipo.

Solfa nayo, iliyoenezwa Uingereza na mchungaji John Curwen, aliyefariki mwaka 1880, ilikuja na misheni na kutupa uwezo wa kusoma sauti nne bila kinanda. Ni zawadi kubwa. Nchi yetu iliitumia elimu ya kwaya hata katika kuuandaa Wimbo wa Taifa mwaka 1963, kwa jopo la watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, nao wakaujenga juu ya tuni ya Wapokomo ya kubembelezea mtoto. Baadaye Arthur Kemoli, mwana wa Magharibi, alionyesha jinsi nyimbo za nyumbani zinavyoweza kupangwa kwa kwaya bila kupoteza ladha yake.

Kwa hiyo hatukosi mizizi. Tunachokosa mara nyingine ni subira. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini koo la kijana si samaki. Mvulana wa miaka 15 anayesukumwa aimbe besi kwa sababu besi ni wachache, au tena kwa sababu shindano liko karibu, huchoka, hukwaruza sauti, huona aibu, na siku moja haji mazoezini. Tunasema ameacha wokovu, kumbe ameacha benchi lisilomfaa.

Walimu wa kwaya, kila mwaka msikilizeni kila mwanaume peke yake, hatua kwa hatua kwenye solfa, mwone anapopumzika sauti yake. Aliye katikati mwacheni aimbe noti zinazomfaa za tena au za besi, na mara moja moja mpeni ubeti wa peke yake pale palipo pake. Nanyi vijana, kama Santley alivyomwomba Gounod, semeni kwa adabu mnachohitaji. Wazazi, anayeanza akiwa na miaka 28 hajachelewa.

Kwaya hii imefika yubilei kwa sababu kuna watu walioketi na kusikilizana. Mungu awape miaka mingine mingi ya kusikilizana hivyo, na katika kila safu ya nyuma asikose mwanaume mmoja anayejua jina la sauti yake. Hongereni sana kwa yubilei.