Miaka 25 ya anguko la Enron na swali la nani aulizwe

Desemba 2, 2026 inatimia miaka 25 tangu Enron, kampuni ya nishati yenye makao yake Houston, Marekani, ilipokwenda mahakamani kuomba ilindwe dhidi ya wadai wake. Hisa yake, iliyouzwa kwa zaidi ya dola 90 mwezi Agosti 2000, ilikuwa haifiki hata dola moja. Habari za hesabu zilizopikwa zimeandikwa sana. Upande mmoja wa kisa hicho hautajwi mara nyingi hapa kwetu: kwa miaka sita mfululizo, 1996 hadi 2001, jarida la Fortune liliitangaza Enron kuwa kampuni bunifu kuliko zote Marekani. Sifa hiyo haikutoka kichwani mwa mhariri. Ilitokana na utafiti wa kila mwaka, wenye dodoso, wahojiwa na alama.

Utafiti huo, uliozaa orodha ya Fortune ya kampuni zinazostahiwa zaidi, ulianza 1983. Wakurugenzi, wajumbe wa bodi na wachambuzi wa masoko ya hisa walipewa majina ya kampuni kubwa za sekta yao, wakaombwa wazipe alama 0 hadi 10 katika mambo manane, kuanzia uongozi, ubora wa bidhaa na ubunifu hadi wajibu kwa jamii na mazingira. IBM iliongoza mwanzoni. Baadaye Merck, watengenezaji wa dawa, walikaa kileleni kwa miaka saba.

Kasoro ya orodha hiyo ilianikwa mwaka 1994. Watafiti Brad Brown na Susan Perry walichambua takwimu hizo na kuonyesha kwamba faida ya miaka iliyotangulia ilikuwa imetia rangi karibu kila jibu. Kampuni iliyovuna pesa ilipata alama nzuri hata kwenye wajibu kwa jamii, jambo ambalo bosi wa kampuni shindani, akiwa ofisini kwake, hana njia ya kulijua.

Aliyelivalia njuga suala hili zaidi ni Charles Fombrun, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha New York, na mengi ninayosimulia nimeyapata kwenye maandishi yake. Katika kitabu chake cha 1996 alishikilia kwamba jina la kampuni hukaa vichwani mwa wadau wote: wateja, wafanyakazi, wawekezaji, majirani wa kiwanda. Ukiliuliza kundi moja tu, umepima kundi hilo. Mwaka 1997, yeye na Cees van Riel wa Rotterdam walianzisha jarida la kitaaluma na taasisi ya utafiti kuhusu sifa za kampuni.

Kipimo chao cha kwanza kikubwa, kilichoundwa pamoja na kampuni ya kura za maoni ya Harris, kilitoka 1999. Hatua yake ya mwanzo ndiyo ninayoipenda: wananchi wa kawaida waliombwa wenyewe wataje kampuni zenye sifa nzuri na zenye sifa mbaya. Hawakuletewa majina. Kampuni zilizotajwa sana ndizo zilizopimwa, kwa maswali 20 katika nyanja sita, mojawapo ikiwa hisia tu: unaipenda, unaiheshimu, unaiamini? Johnson & Johnson iliibuka ya kwanza. Hiyo ndiyo kampuni ambayo mwaka 1982, watu saba walipokufa Chicago kwa vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu, iliondoa madukani chupa milioni 31.

Mwaka 2001 Fortune yenyewe iligawanyika. Februari, orodha iliipa tena Enron taji la ubunifu. Wiki chache baadaye, toleo la Machi likabeba makala ya mwandishi wao Bethany McLean, aliyeuliza swali jepesi: kampuni hii inapataje pesa zake? Mtendaji mkuu, Jeffrey Skilling, alikasirika akakata simu. Enron ikawapandisha ndege maofisa wake, akiwamo mkuu wa fedha Andrew Fastow, wakakutane na wahariri New York. Mwandishi mmoja aliyesoma mizania kwa makini aliona walichokosa wakurugenzi waliojaza dodoso.

Na wapo ambao hawakuulizwa kabisa. Wanakijiji wa Dabhol, Maharashtra, India, walikuwa wakiandamana kupinga mtambo wa umeme wa Enron, na Januari 1999 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu vipigo vya polisi dhidi yao. Taji liliendelea kutolewa. Wafanyakazi wa Enron nao walikuwa na akiba za uzeeni zilizojaa hisa za mwajiri wao. Bei ilipokuwa ikiporomoka, mfuko ulifungwa kwa muda kwa sababu ya kubadilisha msimamizi, wakabaki wakitazama bila uwezo wa kuuza.

Mwaka 2006 taasisi ya Fombrun ilileta kipimo kipya, RepTrak, chenye nyanja saba na alama hadi 100. Alama hizo hurekebishwa nchi kwa nchi, kwa kuwa watu wa nchi moja hugawa alama za juu kwa ukarimu na wengine hubana. Siku hizi kazi hiyo ni biashara kubwa, na kampuni zinazopimwa ndizo wateja wake.

Afrika Mashariki tuliingia mapema kiasi. PricewaterhouseCoopers na Nation Media Group waliendesha utafiti wa kampuni zinazoheshimika zaidi katika ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakiwauliza wakurugenzi watendaji, kwa mtindo uleule wa Fortune. Tangu hapo tuzo zimeongezeka, na nyingi zinaamuliwa na jopo la majaji au na wakubwa wa kampuni wenyewe hotelini. Hilo linaniuma. Kampuni ya simu inajulikana kwa wakala anayekaa kwenye kibanda chake tangu alfajiri na kupokea malalamiko ya kila mteja aliyetuma pesa kwa namba isiyo yake. Kiwanda cha sukari kinajulikana kwa mkulima wa miwa anayesubiri malipo ya msimu uliopita. Waandaaji wa tuzo zijazo wachapishe dodoso lao kwa Kiswahili, waseme wamewauliza watu gani na wangapi, na waanze na hao wawili.