Sungusungu: mwano, mishale na ulinzi wa ng'ombe Usukumani

Msikilizaji, hapa London mtu akivunjiwa nyumba usiku wa manane hupiga nambari 999, ambayo ilianza kutumika jijini humu mwaka 1937. Mkulima wa Kahama au Nzega, magharibi mwa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuwa na simu. Hata angekuwa nayo, kituo cha polisi kilikuwa mbali, mara nyingi hakikuwa na gari, na gari lilipokuwapo petroli ilikuwa adimu. Alichobaki nacho ni sauti yake mwenyewe.

Sauti hiyo Wasukuma huiita mwano. Ni ukelele wa hatari. Anayeusikia hutoka nyumbani mwake na silaha aliyo nayo, naye huupaza kuelekea kwa jirani wa mbele, hivyo habari ya zizi lililovunjwa hukimbia kutoka kijiji hadi kijiji kabla wezi hawajafika mbali. Kule Java, nchini Indonesia, wanakijiji hugonga gogo lililotobolewa liitwalo kentongan kwa madhumuni hayo hayo. Historia ya sungusungu, walinzi wa jadi waliotikisa Tanzania katika muongo ule, ni kwa kiasi kikubwa historia ya namna ukelele huo wa zamani ulivyopewa uongozi, kanuni na adhabu.

Ili kuelewa uzito wa jambo lenyewe, yafaa tutazame mali iliyokuwa ikiibiwa. Ng'ombe kwa Msukuma na Mnyamwezi ni akiba, ni mahari, ni maziwa ya watoto, tena ndiye anayekokota plau wakati wa kilimo. Fedha za pamba, zao lililowatajirisha wakulima wengi wa kusini mwa Ziwa Viktoria, kwa miaka mingi ziligeuzwa kuwa mifugo. Familia iliyolala na ng'ombe 20 ikaamka na zizi tupu haikupoteza utajiri tu. Ilipoteza pia msimu ujao wa kilimo, na pengine ndoa ya kijana wao.

Wizi wa mifugo haukuwa jambo geni. Kilichobadilika ni ukubwa wake na ukatili wake, na wadadisi wa mambo wanataja sababu kadhaa. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba mwaka 1978, maelfu ya vijana wa mgambo waliingizwa vitani. Vita vilipomalizika mwaka 1979, bunduki nyingi zilibaki mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Kabla ya hapo, Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imewakusanya watu waliozoea kuishi kila familia katika shamba lake. Malisho ya karibu na vijiji vipya hayakutosha, ng'ombe wakapelekwa mbali, na ng'ombe wa mbali ni rahisi kuibiwa. Aidha, uchumi ulianguka. Sabuni, nguo na sukari viliadimika madukani, na fedha ya magendo ikawa na nguvu mbele ya maofisa wengi.

Wanavijiji walikuwa na lalamiko moja walilolirudia kila mahali: mwizi waliyemkabidhi kituoni Jumatatu walikutana naye mnadani Ijumaa. Kesi ziliahirishwa mara kwa mara, mashahidi wakatembea mwendo mrefu bure. Na ng'ombe aliyepatikana alikuwa kielelezo cha mahakama. Kielelezo hakikokoti plau.

Lakini kulikuwa na jeraha jingine, na kwa maoni yangu halipewi nafasi ya kutosha katika masimulizi ya kipindi hiki. Mwaka 1976 serikali iliendesha msako mkali katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kufuatia mauaji ya watu waliotuhumiwa kuwa wachawi. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwanzoni mwa mwaka 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu kubeba dhamana ya kisiasa, ingawa hakuwa ametenda yeye mwenyewe. Waziri huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Kwa watu wa Usukumani, hivyo, polisi hakuwa tu mtu asiyefika anapohitajika. Alikuwa pia mtu wa kuogopwa anapofika.

Katika hali hiyo ndipo sungusungu walipozuka, yapata mwaka 1981 na 1982, katika maeneo ya Kahama na vijiji jirani, wakaenea upesi katika mikoa ya Shinyanga, Tabora na Mwanza. Sungusungu ni chungu weusi wanaouma, ambao hutembea kwa misafara. Wenyewe wengi walipendelea jina la Basalama, yaani watu wa amani.

Muundo wao ulikuwa mchanganyiko wa kuvutia. Kiongozi aliitwa ntemi, cheo cha machifu ambao serikali ya Tanganyika huru iliwaondolea mamlaka mwaka 1963. Pembeni yake walikuwapo katibu na kamanda, vyeo vilivyotoka katika chama na jeshi. Silaha yao kuu ilikuwa upinde na mishale, mara nyingi yenye sumu. Mwano ukilia, wanaume walifuata nyayo za ng'ombe hadi mpaka wa kijiji, na kijiji cha pili kikapokea msako. Asiyetoka alitozwa faini. Aliyekaidi faini alitengwa: hakuna wa kumsalimu, wa kumpa moto, wala wa kumsaidia kuzika. Katika kijiji ambako mtu hawezi kulima, kuoza wala kuzika bila jirani, adhabu hiyo ilitisha kuliko jela.

Msikilizaji anayedhani haya ni mambo ya Afrika pekee na atazame historia ya nchi hii ninamozungumzia. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, enzi za Mfalme Edward wa Kwanza, iliwataka wanavijiji wa Uingereza kumfukuza mwizi kwa makelele kutoka eneo moja hadi jingine. Kila mwanamume wa miaka 15 hadi 60 alipaswa kuwa na silaha kwa kadiri ya mali yake, na miongoni mwa silaha zilizotajwa ni upinde na mishale. Eneo lililoshindwa kumtoa mhalifu lililipa hasara lenyewe. Ni mwaka 1829 tu London ilipopata jeshi lake la polisi linalolipwa mshahara.

Tukirejea Usukumani, mafanikio yalikuwa dhahiri. Katika vijiji vingi wizi ulipungua, watu wakalala. Hata hivyo, walinzi hawakuishia kwa wezi. Katika fikra za wengi, adui wa kijiji alikuwa wa aina mbili: anayekuja na bunduki kutoka nje, na anayeua kwa siri kutoka ndani. Baraza lililomhukumu mwizi wa ng'ombe lilijiona pia lina haki ya kumhukumu mchawi.

Hapo ndipo waliposhitakiwa wanawake wazee, mara nyingi wajane. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa dalili. Katika nchi iliyokuwa imepungukiwa na miti, bibi aliyepika kwa kinyesi cha ng'ombe miaka 40, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, angekosaje macho mekundu? Mjane pia alikuwa na shamba, na shamba lilikuwa na warithi wenye haraka. Wengine walifukuzwa, wengine walipigwa, na wapo waliouawa. Ni kweli kwamba mauaji ya vikongwe yalikuwapo kabla ya sungusungu na yaliendelea mbali nao, na si kila kundi lilihusika. Lakini bibi aliyetuhumiwa alikuwa amepoteza kimbilio la mwisho, kwa kuwa wale ambao angewapigia mwano ndio waliokuwa mlangoni.

Serikali iliyumba. Polisi na mahakama waliwaona sungusungu kuwa wavunja sheria, na baadhi yao walishitakiwa kwa mauaji. Chama kilikuwa na mtazamo mwingine. Viongozi wa juu wa CCM, akiwamo Katibu Mkuu wake wa wakati huo, hayati Rashidi Kawawa, waliwasifu kama wananchi waliojitegemea kwa ulinzi. Mwaka 1983 serikali yenyewe ilikuwa katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu waliowasaka wezi kwa mishale yao, bila kuomba risasi wala mshahara, walionekana kuwa washirika wema.

Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania. Miaka mitano baadaye, mwaka 1989, Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa walinzi wa jadi uwezo wa kukamata na kupekua unaofanana na wa askari polisi. Rais wa Jamhuri wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, yule yule aliyejiuzulu miaka 12 nyuma kwa sababu ya yale yaliyofanywa na vyombo vya dola katika mikoa hiyo hiyo.

Baada ya kutambuliwa, sungusungu walianza kubadilika. Mahali pengi viongozi wa kijiji na kata waliwatumia kukusanya michango, kuwasaka wasiolipa kodi na kulinda masoko. Malalamiko kuhusu faini zisizo na stakabadhi yakaongezeka. Jina nalo lilisafiri: katika miaka ya 1990 lilifika kwa Wakuria wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, na hadi Kisii.

Lilisafiri pia na Wasukuma wenyewe, waliohama na makundi ya ng'ombe wao kutafuta malisho kusini na magharibi, wakafika hadi bonde la Rukwa. Huko Mpimbwe, ambako siku hizi ni mkoa wa Katavi, wahamiaji walianzisha sungusungu wao, na wenyeji Wapimbwe nao wakaunda wao. Wa Wasukuma walikuwa na nguvu zaidi. Wapimbwe wengi hawakuwa na ng'ombe wa kulinda, na walipoona majirani wapya wakipita na pinde, hawakuwa na hakika kama wanalindwa au wanalindiwa mpaka.