Uhuru Afrika: Siku Kiswahili kilipoingia studio ya jazi

Novemba 1960, wanamuziki zaidi ya 20 walikusanyika katika studio za Bell Sound jijini New York kurekodi kazi moja ndefu yenye sehemu nne. Mtunzi wake, mpiga piano Randy Weston wa Brooklyn, alikuwa ameshaipa jina ambalo msomaji wa makala hii hahitaji kutafsiriwa: Uhuru Afrika. Wanaoandika historia ya jazi huitaja santuri hiyo kama ndoto ya mtu mmoja aliyeipenda Afrika kabla hajaikanyaga. Wanaoandika historia ya Kiswahili hawaitaji kabisa. Wote wawili wamekosea kidogo, na kosa la hawa wa pili ndilo kubwa zaidi. Lugha yetu tumezoea kuieleza kwa njia ilizopita kufika mbali: misafara ya biashara, misikiti na misheni, majeshi ya kikoloni, shule, kisha vyama vya siasa. Studio ya Bell Sound haimo katika orodha hiyo. Lakini hapo Kiswahili hakikupelekwa na mfanyabiashara wala afisa. Kilialikwa na watu wasiokijua, na sababu yao ya kukialika ilikuwa na uzito.

Mwaka wenyewe ulisaidia. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na 16 kati ya wanachama wapya 17 walioingia Umoja wa Mataifa walitoka bara hili. Wajumbe wao walishukia New York, mji uleule ambao wanamuziki weusi walikuwa wakipigia katika vilabu vya usiku na kurudi nyumbani Harlem na Brooklyn. Weston alikuwa na sababu zaidi ya kuwatupia jicho wageni hao. Baba yake, mwenye asili ya Panama na Jamaika, alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, na kijana alilelewa akiambiwa kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Wazo lilikuwa hewani pia. Miezi michache kabla, mpiga ngoma Max Roach alikuwa amerekodi kazi yake ya kudai haki, We Insist!, akiwa na mwimbaji Abbey Lincoln na Mnigeria Babatunde Olatunji. Roach na Olatunji wakawemo pia katika kikosi cha Weston.

Tukikitazama kikosi hicho kama mwalimu wa bendi anavyotazama orodha ya wapigaji, tunaona kwamba mkusanyiko wenyewe ulikuwa hoja. Tarumbeta zilikuwa nne, na miongoni mwa wapulizaji walikuwamo Clark Terry aliyepitia bendi ya Duke Ellington na kijana Freddie Hubbard aliyekuwa na miaka 22 tu. Saksafoni na filimbi zilishikwa na watu kama Yusef Lateef, Sahib Shihab, Gigi Gryce na Cecil Payne. Lakini uzito ulikuwa chini, kwenye mdundo. Besi mbili, za George Duvivier na Ron Carter. Wapiga dramu watatu, Roach, Charlie Persip na G.T. Hogan. Juu yao wakaongezwa Olatunji wa Nigeria, na Candido Camero na Armando Peraza, wote wawili wazaliwa wa Havana, Kuba. Watu wanane wa mdundo katika kazi moja si jambo la kawaida katika jazi ya wakati ule, ambayo kwa kawaida iliridhika na dramu moja na besi moja. Mtu aliyetaka kusema tu kwamba anaipenda Afrika angeweza kusema hivyo kwa piano peke yake, kwa gharama ndogo. Weston alitaka Brooklyn, Havana na Nigeria wapige kwa wakati mmoja, chumba kimoja, wasikilizane. Hilo halitungiki na mtu mmoja.

Na kweli halikutungwa na mmoja. Aliyeufanya mkusanyiko huo uwezekane ni Melba Liston, mpiga tromboni wa kike aliyezaliwa Kansas City mwaka 1926 na kupitia bendi kubwa ya Dizzy Gillespie. Weston alikuja na tungo, Liston akazipanga: nani aanze, nani aitikie, filimbi iingie wapi, ngoma ziachwe peke yake lini. Kazi ya mpangaji haionekani jukwaani, ndiyo maana jina lake humezwa na la mwenye piano. Lakini kuwaweka wapiga ngoma sita pamoja na safu nzima ya vyombo vya kupuliza bila kugeuka soko la Kariakoo jioni ni ufundi wa aina yake, na katika sehemu ya tatu, iliyoitwa Bantu, ufundi huo unasikika waziwazi. Sehemu ya pili, African Lady, ni sifa kwa mwanamke wa Kiafrika, ikiimbwa na Martha Flowers na Brock Peters kwa maneno ya mshairi Langston Hughes.

Hughes ndiye pia aliyeandika shairi la kuifungua kazi nzima, na hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Weston ameeleza katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 2010 kwamba alitaka lugha ya Kiafrika isikike, akaenda kuwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa ni lugha ipi ifae, nao wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Shairi likatafsiriwa na kusomwa na Mtanganyika aliyekuwa New York, Tuntemeke Sanga. Kuwapo kwa Mtanganyika mjini humo si bahati nasibu. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mashauri yake yalisikilizwa huko. Machi 1955 Julius Nyerere mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya Baraza la Udhamini kuitetea. Njia iliyoileta kesi ya Tanganyika New York ndiyo iliyoileta sauti ya Kiswahili karibu na mlango wa studio.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kuipa santuri hii nafasi katika historia ya Kiswahili ni la kijiografia, na limerudiwa mara nyingi tangu miaka ya 1960. Mababu wa Wamarekani weusi wengi walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegambia hadi Angola. Wangekuwa na haki ya kudai Kiyoruba, Kiwolofu au Kikongo. Kiswahili wamekitoa wapi? Pingamizi hili lina ukweli wa nasaba, lakini linadhani kwamba mtu huchagua lugha ya umoja kwa kutazama ukoo wake. Sivyo ilivyokuwa hata Tanganyika. Nyerere alikuwa Mzanaki, na viongozi wengi wa TANU hawakuzaliwa na Kiswahili kinywani. Jina la Sanga, Mtanzania akilisikia, humpeleka moja kwa moja Makete kwa Wakinga, si Pangani wala Lamu. Kiswahili kiliwafaa watu hao kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja kubwa lenye kutisha mengine. Aliyetoka Musoma na aliyetoka Songea walikutana humo wakiwa sawa. Weston, aliyekuwa akitafuta lugha ya kuwakutanisha Mmarekani, Mkuba na Mnigeria, alifikia uamuzi uleule kwa njia ileile ya kufikiri. Kiyoruba kingewaelekeza wote kwa Olatunji. Kiswahili hakikumwelekeza yeyote nyumbani kwa mwenzake, kwa hiyo wote walikuwa wageni wa heshima ndani yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na halistahili kupitwa haraka. Kiswahili kilikuwa pia lugha ya misafara iliyowapeleka watumwa Kilwa, Bagamoyo na soko la Unguja. Wazao wa watumwa kuchagua lugha hiyo kuimbia uhuru, si kejeli ya historia? Jibu linaanza na neno lenyewe. Uhuru limejengwa juu ya huru, neno lenye asili ya Kiarabu, na katika matumizi ya zamani ya pwani mtu huru ni yule asiye mtumwa. Kabla halijawa neno la bendera na wimbo wa taifa, lilikuwa neno la hali ya mtu mmoja: anamilikiwa au hamilikiwi. Lugha ya mwenye watumwa ilikuwa pia lugha ya mtumwa, ya hamali, ya mpagazi, ya mke aliyenunuliwa, na hao ndio waliokuwa na haja kubwa zaidi ya kulitamka neno huru. Walipolichukua wanasiasa wa miaka ya 1950 na kulitumia kwa nchi nzima, walilitanua tu. Wanamuziki wa New York, pengine bila kujua, walilirudisha kwenye maana yake ya kwanza. Na anayekataa Kiswahili kwa sababu ya misafara itambidi akikatae Kiingereza kwa sababu ya merikebu, abaki bila lugha ya kuimbia.

Pingamizi la tatu lina nguvu kwa kiasi. Litasema kwamba Kiswahili katika Uhuru Afrika ni pambo: shairi liliandikwa kwanza kwa Kiingereza, African Lady inaimbwa kwa Kiingereza, na kilichobaki ni usomaji mfupi na majina ya sehemu. Ni kweli, dakika za Kiswahili katika santuri hiyo ni chache. Lakini pambo huwekwa pembeni, nacho Kiswahili hapa kimewekwa mwanzoni, mahali ambapo masikio ya msikilizaji yamefunguka zaidi. Na majina yamefikiriwa. Uhuru Kwanza, jina la sehemu ya kwanza, ni tamko kamili la kisiasa kwa maneno mawili: mengine yatafuata, ya shule na viwanda na barabara, lakini hili litangulie. Ndiyo hoja waliyokuwa wakibishana nayo magavana waliodai kwamba nchi bado haijakomaa. Sehemu ya mwisho, Kucheza Blues, inapendeza zaidi. Mswahili hachezi chombo cha muziki, hukipiga; kinachocheza ni mwili. Kwa hiyo jina linasema kwamba blues, muziki wa huzuni ya mashamba ya pamba, sasa uchezwe kama ngoma ya sherehe. Kwa Kiingereza maana hiyo ingehitaji sentensi nzima.

Santuri ilitolewa na kampuni ya Roulette. Mwaka 1959 kampuni nyingine, United Artists, ilikuwa imemtolea Weston nyimbo za mchezo wa Broadway, na kutoka Broadway hadi Uhuru Kwanza ni mbali. Haikuwa bidhaa ya kuuzika kirahisi. Hata hivyo, kuna wasikilizaji walioielewa haraka: mwaka 1964 serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Nchini humo, Januari 1960, kundi la Jazz Epistles lenye Abdullah Ibrahim, aliyekuwa akiitwa Dollar Brand, Hugh Masekela, Jonas Gwangwa na Kippie Moeketsi lilikuwa limerekodi albamu yake, na baada ya mauaji ya Sharpeville mwezi Machi mikusanyiko ikabanwa na wanamuziki wakaanza kutawanyika uhamishoni. Watawala wa Pretoria walijua vizuri kwamba watu kukutana kupiga pamoja si jambo dogo.

Kuna jambo moja la kuchekesha katika mabadilishano haya. Wakati New York inaazima uhuru kutoka kwetu, sisi tulikuwa tumeshaazima jazi kutoka kwao. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na bendi zote mbili zilipiga dansi lenye asili ya Kuba na ya hapa nyumbani zaidi kuliko lolote ambalo Weston angeliita jazi. Kila upande ulichukua neno la mwenzake kwa sababu ya harufu yake ya mbali na ya kisasa, kisha ukalifanyia kazi yake wenyewe.

Weston alikanyaga Afrika kwa mara ya kwanza Desemba 1961, akatua Lagos, mwezi uleule ambao bendera ya Tanganyika ilipandishwa. Mwaka 1962 Hughes alikuwa Makerere kwenye mkutano wa waandishi. Mwaka 1966 Marekani ikapata sherehe ya Kwanzaa, yenye misamiati ya Kiswahili tangu jina hadi kanuni zake. Mwaka 1971 Herbie Hancock akatoa albamu ya Mwandishi, na wanakikundi wake wakachukua majina ya Kiswahili: Mchezaji, Mganga, Jabali, Pepo Mtoto. Mfuatano huo unaonyesha kwamba uamuzi wa 1960 haukuwa kioja cha mtu mmoja. Unaonyesha pia kilichopungua njiani. Mwandishi ina jina zuri la Kiswahili kwenye jalada na muziki wa kushangaza ndani, lakini hakuna anayezungumza lugha hiyo. Katika Uhuru Afrika yupo mwenye lugha, amesimama mbele ya maikrofoni, anasoma sentensi nzima kwa lafudhi ya kwao.